Nuru Haifiki Kwenye Ini

Msomaji, usiku wa leo ingia katika chumba chenye giza, washa kurunzi, kisha uzibe kioo chake kwa kiganja chako. Utaona vidole na kando za mkono vinang'aa kwa wekundu kama kaa la moto. Tazama vizuri. Hutaona mfupa hata mmoja, ingawa mkono wako umejaa mifupa. Na rangi itokayo ni nyekundu peke yake, ingawa nuru iliyoingia ilikuwa nyeupe. Sasa iondoe kurunzi mkononi uibane tumboni, na umwombe ndugu yako atazame mgongoni kwako kama kuna nuru yoyote inayotokea. Hataona kitu. Jaribio hili halina gharama, na aliyelifanya mara moja amepata kinga dhidi ya maneno mengi yasemwayo siku hizi juu ya nuru na maradhi ya saratani.

Maneno yenyewe ni haya: kwamba wataalamu wamevumbua nuru iuayo saratani bila kisu wala kitanda cha hospitali, na kwamba siku si nyingi ugonjwa huu utakuwa kama homa ndogo. Niliyasikia katika mkutano wa wazazi wa shule moja huku Ukambani, yakitamkwa na mtu msomi mbele ya vijana wa umri wako. Alipomaliza, mama mmoja alisimama akauliza kama nuru hiyo ingemfaa mumewe, ambaye ameambiwa hospitalini kuwa ana uvimbe katika ini. Msemaji akajibu kwamba sayansi haishindwi na kitu. Mama yule akashukuru, akaketi. Mimi sikuridhika wakati ule wala sijaridhika hata leo. Msemaji hakukusudia kudanganya, nakubali. Alikuwa amesoma nusu ya habari, na nusu ile aliyoiacha ndiyo iliyomhusu yule mama.

Kwanza niipe nuru haki yake, maana tiba hii ipo kweli na wala si uganga wa uongo. Mwaka 1903 Niels Finsen, daktari wa Denmark aliyezaliwa katika visiwa vya Faroe, alipewa tuzo ya Nobel kwa kutibu kwa nuru kifua kikuu cha ngozi, ugonjwa uliokuwa ukila nyuso za watu. Mtu huyu alijua mapema sana jambo ambalo wasemaji wetu hawalitaji. Aliweka karatasi ya kupigia picha nyuma ya sikio la mtu, akaliangaza sikio kwa upande wa mbele. Karatasi haikubadilika. Alipolibana sikio baina ya vioo viwili mpaka damu ikasukumwa kando, karatasi ikageuka nyeusi. Akatambua kwamba damu ndiyo iliyokuwa ikiinyang'anya nuru njia. Kwa hiyo akawatibu wagonjwa wake huku ngozi imekandamizwa kwa kioo kilichopozwa kwa maji. Basi tangu mwanzo kabisa daktari wa nuru alishughulika na swali la kina.

Mwaka 1900 huko Munich, Ujerumani, mwanafunzi aitwaye Oscar Raab, chini ya mwalimu wake Hermann von Tappeiner, alitangaza kwamba vijidudu vya chembe moja vilivyotiwa rangi fulani hufa vikiangazwa, lakini rangi ile ile gizani haiviui. Kutokana na mbegu hiyo, hasa kwa kazi ya Thomas Dougherty na wenziwe mjini Buffalo, Marekani, katika miaka ya 1970, ikatokea tiba iitwayo fotodainamiki. Mgonjwa hupewa dawa kwa mshipa, au hupakwa juu ya ngozi. Dawa hukaa zaidi katika chembe zenye ugonjwa kuliko zile nzima. Kisha mahali penye ugonjwa huangazwa kwa nuru ya rangi inayoafikiana na dawa ile, aghalabu nyekundu. Dawa hunasa nguvu ya nuru na kuikabidhi oksijeni iliyomo mwilini, na oksijeni ile hugeuka kali ikaiua chembe. Dawa, nuru na oksijeni sharti zikutane mahali pamoja kwa wakati mmoja. Kimoja kikikosekana hapana tiba.

Serikali ya Kanada iliiruhusu dawa ya kwanza ya namna hii, Photofrin, mwaka 1993 kwa saratani ya kibofu. Marekani ikafuata mwaka 1995 kwa wagonjwa ambao saratani imewaziba umio. Viungo hivi viwili vina uwazi ndani. Daktari hupitisha uzi mwembamba wa kioo katika mrija mpaka ukutani mwa kibofu au umio, na nuru huwashwa pale pale ugonjwa ulipo. Hapana mahali nuru ilipotoka nje ikapenya ngozi, nyama na mbavu kwenda kuitafuta saratani gizani.

Sababu yake umeiona katika kurunzi. Mwili hufanya mambo mawili kwa nuru: huimeza na huitawanya. Damu humeza rangi ya samawati na ya kijani kwa uroho mkubwa, na nyekundu kwa kiasi kidogo. Ndiyo maana mkono wako uling'aa wekundu. Nayo nyama huitawanya nuru iliyobaki huku na huku, kama umande mzito wa asubuhi katika vilima vya Mbooni unavyotawanya taa za gari. Ndiyo maana hukuona mifupa. Dawa ya Photofrin huwashwa kwa nuru nyekundu ya nanomita 630, na nuru hiyo hufanya kazi mpaka kina cha sentimita 1 hivi, mara nyingi chini ya hapo. Dawa zinazopakwa juu ya ngozi hutibu tabaka la milimita chache tu.

Labda utasema, basi na iongezwe nguvu ya taa. Hapa ndipo hesabu ya darasani inapofaa. Tuseme kwamba katika nyama fulani kila milimita 3 huacha theluthi moja tu ya nuru ipite. Kwenye milimita 3 umebakiwa na theluthi. Kwenye milimita 6, sehemu moja katika 9. Kwenye milimita 9, sehemu moja katika 27. Kwenye milimita 12, sehemu moja katika 81. Ukiizidisha taa yako nguvu mara 3, umejipatia milimita 3 za ziada na si zaidi. Ukiizidisha mara 81 ili upate milimita 12 za ziada, utakuwa umeichoma ngozi ya juu kabla ya kuufikia ugonjwa wa chini. Katika mtaa wa namna hii tajiri na maskini hutofautiana kwa upana wa ukucha.

Sasa lifikirie ini. Limejificha upande wa kuume chini ya mbavu, nyuma ya ngozi, mafuta na misuli, na lenyewe ni zito, jekundu la kahawia, limejaa damu tele. Ukiagizwa uchague mwilini kiungo cha kuizuia nuru, utachagua ini. Na juu ya hayo, uvimbe mkubwa mara nyingi una upungufu wa oksijeni katikati yake, hata nuru ikifika haikuti ile oksijeni inayoihitaji.

Wapo watakaonijibu kwamba sayansi haikusimama. Ni kweli, na sipendi kuwaficha. Zimetengenezwa dawa zinazowashwa kwa nuru nyekundu zaidi, karibu na mpaka wa macho yetu au ng'ambo yake kidogo, na nuru hiyo huenda mbele zaidi kwa milimita kadhaa. Tena madaktari waweza kuchoma sindano nyembamba mpaka ndani ya uvimbe na kupitisha nyuzi za kioo humo. Na wale wenye saratani katika mirija ya nyongo wametibiwa kwa nuru iliyopitishwa kwa mrija, ili kuwarefushia siku. Lakini kila uzi huangaza eneo dogo linaloizunguka ncha yake, na uvimbe wa ini ugunduliwao huku kwetu kwa kawaida umechelewa, umekuwa mkubwa, au umekwisha kutawanyika. Na zaidi ya hayo, tiba ya kuchoma sindano nyingi ndani ya ini si ile "nuru bila kisu" iliyosifiwa mkutanoni. Hapana mtaalamu aliyebadili rangi ya damu.

Kosa jingine latokana na lugha yetu wenyewe. Hospitalini husemwa "tiba ya mionzi", na mtu akisikia mionzi hufikiri mionzi ya jua. Mionzi ile ni ya namna nyingine: ni eksirei zenye nguvu kubwa, au miale itokayo katika madini ya kobalti, nayo hupenya mwili toka upande hata upande. Kwa miaka mingi Hospitali Kuu ya Kenyatta, Nairobi, ilikuwa hospitali pekee ya umma nchini yenye mashine hizo, na wagonjwa wa Kitui na Makueni walisafiri huko wakalala kwa jamaa wakingoja zamu. Mashine hizo zina mipaka yake pia, lakini kina si mmojawapo. Mwenye kuchanganya mionzi hiyo na nuru ya taa humfanya mgonjwa aamini kwamba balbu nyekundu iuzwayo dukani ina kazi ile ile. Balbu pasipo dawa haifanyi kitu kwa saratani ila kuipasha joto ngozi. Mtu akija kwenu na taa ya kuponya, muulize ni dawa gani inayokwenda nayo, na inafika kina cha milimita ngapi. Asipojua, mfunge mbuzi wako asiuzwe.

Liko jambo dogo ambalo nashangaa halitajwi kabisa. Mgonjwa aliyepewa Photofrin hubaki na dawa ile ngozini kwa siku nyingi, naye hana budi kujificha jua kwa siku 30 au zaidi, maana nuru ya jua haibagui: itaiwasha dawa usoni na mikononi na kumuunguza. Fikiri mchungaji wa Mutomo au mkulima wa Kibwezi akiambiwa asitoke nje mchana kwa mwezi mzima. Nani atachota maji? Nyumba ya bati yenye matundu itamfaaje? Tiba iliyoundwa katika nchi za mawingu haikatazwi kuja Ukambani, lakini ikija yapasa ije na maelezo ya jua letu.

Jua hilo hilo ndilo adui wa ndugu zetu wenye ualbino, ambao ngozi yao haina ile rangi iitwayo melanini ya kuwakinga, nao hupatwa na saratani ya ngozi wangali vijana. Kwao tiba ya nuru ingeweza kuwa na faida halisi, kwa kuwa doa changa la ngozi liko juu na ni jembamba. Hata hivyo doa lililoachwa likawa kidonda kinene ni kazi ya kisu. Kofia pana na mafuta ya kukinga jua hufanya kazi kabla ya hayo yote.

Nimelitaja ini mara nyingi, na si kwa sababu ya yule mama peke yake. Kitui na Makueni zina habari ya ini ambayo kila kijana aliyezaliwa huku yampasa kuijua kama ajuavyo jina la babu yake. Mwaka 1981, katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati ule ilikuwa na Makueni ndani yake, watu 20 walilazwa hospitalini wakiwa na macho ya manjano na matumbo yaliyovimba. 12 kati yao wakafa. Walikuwa wamekula mahindi yenye kuvu. Katika nyumba hizo mbwa nao walikufa, na njiwa pia, lakini nani huuliza njiwa amekufa kwa nini? Mwaka 2004 balaa likarudi kwa ukubwa zaidi: watu 317 waliandikwa kuwa wameugua na 125 wakafa, wengi wao wa Makueni na Kitui. Watafiti walipopima sampuli 350 za mahindi na unga kutoka masoko ya sehemu hizo, zaidi ya nusu zilikuwa na sumu kupita kiasi kilichoruhusiwa. Mvua ilikuwa imenyesha wakati wa mavuno, na watu, kwa njaa na hofu ya wezi, waliyaingiza mahindi mabichi ndani ya nyumba wanamolala badala ya kuyaweka ghalani penye hewa.

Sumu yenyewe huitwa aflatoksini. Ikiliwa nyingi kwa mara moja huua ini kwa majuma machache, kama miaka ile miwili. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, haimwangushi mtu. Humtengenezea saratani ya ini polepole, naye hufika hospitalini akiwa baba wa watoto watano. Mwaka 1973 Peers na Linsell walitangaza uchunguzi wao wa Murang'a, ulioonyesha kwamba mahali palipokuwa na aflatoksini nyingi katika chakula ndipo palipokuwa na saratani nyingi ya ini. Na mtu mwenye virusi vya homa ya ini ya aina ya B akila sumu hiyo, hatari yake huzidi maradufu mara nyingi. Watoto wetu hupewa chanjo ya virusi hivyo tangu mwishoni mwa mwaka 2001. Wazee wao hawakuipata.

Sasa utaelewa hasira yangu. Katika nchi ya aflatoksini, kusimama mbele ya watu na kuisifu tiba isiyovuka sentimita 1, bila kuwatajia sentimita hiyo, ni kuwatoa watu macho kwenye gunia na kuwaelekeza angani. Nimewahi kuambiwa kwamba huo ni ukali wa bure, kwamba watu wa vijijini wanahitaji matumaini. Wanayahitaji, ndiyo. Lakini matumaini yenye nauli ya Nairobi na bei ya ng'ombe ndani yake yana haki ya kupimwa kwa rula kabla ya kugawiwa.

Tena yale yanayoweza kufanyika hayana fahari, na labda hilo ndilo linaloyakosesha wasemaji. Mahindi yavunwe kwa wakati, yaanikwe juu ya turubai wala si juu ya udongo, yakauke mpaka unyevu ushuke hadi asilimia 13 na nusu au chini ya hapo, kisha yawekwe katika mifuko isiyopitisha hewa au ghala iliyoinuliwa. Shambani, majuma machache kabla ya mahindi kuchanua, yaweza kunyunyizwa kuvu isiyo na sumu iitwayo Aflasafe KE01, iliyosajiliwa Kenya mwaka 2015, nayo huishindania nafasi ile yenye sumu na kuifukuza. Kukoboa mahindi kwa ajili ya muthokoi hupunguza sumu sana, lakini haimalizi, kwa sababu kuvu hupenya mpaka kiini cha punje. Kupika hakusaidii, sumu hii huvumilia maji yanayochemka. Na saratani ya mlango wa kizazi, ambayo huanzia juu juu mahali panapoonekana kwa macho, ina chanjo yake. Wasichana wa shule za msingi za Kitui waliijaribu kati ya mwaka 2013 na 2015, kabla haijaenea Kenya nzima mwaka 2019.

Hata katika kazi ya kuyakagua mahindi, nuru haikuacha tabia yake. Iko taa ya miale iliyo ng'ambo ya zambarau, isiyoonekana kwa macho. Ukiangaza mahindi kwa taa hiyo gizani, punje zilizoingiwa na kuvu ya namna ile huweza kung'aa kwa kijani cha manjano. Lakini mkaguzi anayejua kazi yake hamwagi punje nzima mezani akatazama akaenda zake. Huzipasua kwanza, maana mng'ao mwingi umo ndani, na taa huona uso tu. Na hata baada ya kuzipasua, mng'ao ule ni dalili peke yake. Kipimo cha kemikali ndicho kinachotoa hukumu.

Kama swali la yule mama lingaliletwa kwangu, ningalimwambia: Mama, nuru hiyo haitafika kwenye ini la baba wa watoto, usiuze kitu kwa ajili yake. Rudini kwa daktari aliyempima, mumuulize uvimbe una ukubwa gani na kama kisu chaweza kuutoa, na kama hakiwezi, ni dawa gani za kumpunguzia maumivu. Na kabla hajaketi ningalimuuliza watoto wamepimwa homa ya ini, na gunia la mahindi wanalopikiwa limewekwa wapi.